Barua ya wazi: Mnampima mtoto, mama yake mnamwacha kwenye benchi

Kwa: Wakurugenzi wa Halmashauri, Waganga Wakuu wa Wilaya na Maafisa Lishe,
Halmashauri za mwambao na visiwa vya Ziwa Victoria,
Mkoa wa Mwanza.

YAH: CHAKULA NA AFYA YA AKILI YA MAMA ALIYEJIFUNGUA

Waheshimiwa viongozi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii si barua yangu ya kwanza kuhusu jambo hili. Ya kwanza niliikunja nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni la zahanati niliyokuwa nikihudhuria kliniki. Ya pili niliipeleka kwa mkono, nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikaambiwa nitapigiwa simu. Nilisubiri hadi masika ikaisha. Mara ya tatu nilisimama kwenye mkutano wa hadhara nikasema kwa mdomo, nikajibiwa kwamba hoja imepokelewa na itafanyiwa kazi. Sasa ni mwaka wa pili. Zahanati hiyo sitaitaja jina, wala ofisi iliyopokea barua, kwa sababu nimezungumza na wanawake wa mialo mingine na waliotoka visiwani, na wengi wamenisimulia yale yale. Ningetaja jina moja, wengine wote wangejiona wamesalimika.

Mimi ni mkaushaji wa dagaa, mama wa watoto watatu. Naomba mnivumilie nieleze yaliyonipata nilipomzaa huyu wa mwisho, maana bila hayo hoja zangu zitaonekana za kusikia kwa watu.

Nilijifungua salama ila damu ilitoka nyingi. Kesho yake nikaruhusiwa. Baba wa watoto alikuwa kambini visiwani, giza lilikuwa limeanza, na giza kwetu ndiyo kazi, kwani dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi. Majirani waliniletea uji wa ulezi siku nne za mwanzo, Mungu awabariki. Baada ya hapo nilikula kilichokuwepo: asubuhi chai ya rangi na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, mchana ugali wa muhogo na mlenda, usiku chai tena. Wiki ya tatu nilikuwa nimesharudi kwenye vichanja, mtoto mgongoni, nikigeuza dagaa wa tajiri kwa ujira wa siku. Nilishinda katikati ya magunia ya chakula bora kuliko vyote ziwani, na sikuwa na ruhusa ya kuchota hata kiganja.

Usingizi ukakata. Mtoto analala, mimi nimekodolea macho bati. Nilikuwa nalia nikimenya viazi, nalia nikifua, mtu akiita hodi najifuta uso. Nikimtazama mtoto naona kama nimeachiwa wa watu, mwenyewe atakuja kumchukua, na siku hiyo ndiyo nitapumzika. Sikumwambia mtu. Utaanzia wapi kumwambia mtu kwamba mtoto uliyemwomba kwa Mungu humsikii moyoni?

Wiki ya kumi nilimpeleka chanjo. Akaning'inizwa kwenye mizani, kalamu ikaweka nukta kwenye kadi, na nukta ilikuwa imeshuka kutoka kwenye kijani. Nesi akaniangalia kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Akasema, benchi zima likisikia, "Mama, huyu mtoto umembemenda."

Baba yake alikuwa hajarudi tangu nijifungue.

Siku ya tano baada ya hapo, alfajiri, nilijikuta nimesimama ziwani, maji yamefika magotini, mtoto mgongoni. Sikumbuki nilivyotoka nyumbani. Bibi mmoja aliyewahi kuja kutandaza dagaa aliniona akaniita, "Mayu, toka majini, njoo uniwashie moto." Hakunifokea wala hakuniuliza nafanya nini. Nikatoka, nikamwashia moto. Akanipa uji wake. Jioni akanichemshia sato, mchuzi mwingi, akakamulia limau, akakaa pale mpaka nikamaliza. Baada ya siku mbili akanisindikiza kituo kingine cha afya, mbali na kwetu. Damu yangu ilipopimwa ilikuwa 7.4, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa afike 12. Daktari akafunga mlango, akaniuliza maswali kumi. Nilipofika la kumi, la kama nimefikiria kujidhuru, nilishindwa kuongea.

Leo niko mzima, na mtoto anakimbia. Nawaandikia kwa ajili ya waliopo majini sasa hivi.

HOJA ZANGU

1. Mama haulizwi kitu.

Utaratibu wa nchi unasema mzazi aonwe ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42. Wengi wetu hatuzifikii zote, na tukifika kinachoangaliwa ni kidonda, damu na titi. Baada ya siku ya 42 mama anafutika kwenye kumbukumbu, anabaki kuwa mtu wa kumbeba mtoto. Lakini mtoto ana miadi: wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9, mwezi wa 18, na mizani kila mwezi. Anayemleta siku zote hizo ni nani? Tunakuja wenyewe, kwa miguu yetu, tunakaa saa tatu kwenye benchi. Hamhitaji gari wala posho ya kututafuta.

Machozi ya siku ya tatu au ya nne baada ya kujifungua huwapata wazazi wengi, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Hayo hatuyalalamikii. Yakipita wiki mbili, mama halali hata mtoto akilala, hataki kula, hajali, anajiona hafai, hiyo ni sonona, ni ugonjwa wenye matibabu. Kuna na ile ya tatu, ambayo hutokea mara chache, kwa mama mmoja au wawili katika kila uzazi 1,000: mama anapoteza uhalisia, anasikia sauti, anaamini mtoto si wake au ana kitu kibaya. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, sawasawa na kutoka damu. Mitaani kwetu huitwa majini au kulogwa, na kabla hajafika kituo cha afya ameshazungushwa kwa waganga watatu.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 katika kila 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Hesabuni benchi moja la kliniki. Wakikaa wanawake 10, wawili wamo humo. Mwaka 2022 shirika hilo lilitoa mwongozo wa huduma baada ya kujifungua unaoelekeza wazazi waulizwe kuhusu sonona na hofu kwa kutumia kipimo kilichothibitishwa. Kipimo chenyewe kipo tangu 1987, kilitengenezwa Edinburgh huko Uskoti, ni maswali kumi tu kuhusu siku saba zilizopita. Hakihitaji umeme, jokofu wala kitendanishi. Kinahitaji karatasi, dakika chache na pazia.

Naomba mlitilie maanani hilo pazia. Hakuna mwanamke atakayejibu ukweli akiwa amebanana na mke mwenzie au wifi yake kwenye benchi.

2. Mzazi anaambiwa "kula vizuri" na hakuna anayeuliza anakula nini.

Hapa nitakaa zaidi kwa sababu ndipo ninapoumia.

Kila kliniki tunapewa somo la makundi ya vyakula. Nalijua kwa moyo. Ninyi mnajua kwamba mama anayenyonyesha anahitaji kalori 500 hivi za ziada kwa siku juu ya zile alizokuwa akila kabla? Ninyi mnajua, mmesoma. Mimi naomba mje mwaloni saa saba mchana muone mzazi wa wiki ya nne anakula nini. Ugali wa muhogo unashibisha, sikatai, nimekuzwa nao, lakini ni wanga mtupu kama hauna kitu pembeni. Mlenda au mgagani vina madini ya chuma, ila mwili unayapokea kwa shida bila kitu chenye uchachu kama limau, pera au embe, na chai ya rangi tunayoshushia inazuia hata kile kidogo kisiingie. Hili la chai hakuna aliyewahi kunieleza kliniki kwa watoto wote watatu. Nililisikia kwa yule daktari.

Halafu kuna ziwa lenyewe. Sisi tunaoshinda majini tuna kichocho. Tuna minyoo ya safura, tuna malaria. Vyote vinakula damu. Mwanamke anaingia leba akiwa na damu pungufu, anamwaga nyingine kitandani, anarudi nyumbani kwenye chai na michembe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta wanawake 42 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, nchi nzima. Dawa za kuongeza damu tunapewa tukiwa wajawazito, zikiwepo. Siku tunayojifungua zinakoma, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aendelee kuzimeza wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua mahali ambako upungufu wa damu kwa wajawazito ni tatizo. Kama si kwetu, ni wapi?

Sisemi sahani ya samaki inatibu sonona. Wapo wanawake wanaokula vizuri na bado ugonjwa huu unawapata. Ninachosema ni kwamba mwenye damu 7 anachoka, moyo unamwenda mbio, kichwa kizito, hasira karibu, na ukiandika dalili hizo kwenye karatasi huwezi kuzitenganisha na za sonona. Aliyeingia kwenye sonona naye hana hamu ya chakula, hawashi jiko, hasikii njaa. Kimoja kinakokota kingine. Na wakati huo maziwa yanaendelea kutoka, kwa sababu mwili wa mama hutoa akiba yake ili mtoto asikose, mpaka akiba inapofika mwisho. Mtu anaonekana ananyonyesha, mnaandika "ananyonyesha vizuri," kumbe ananyonywa yeye.

Kinachonikera zaidi ni kwamba dawa ya sehemu ya tatizo hili imeanikwa mbele ya macho yetu. Dagaa huliwa mzima, na mifupa na kichwa chake, ndiyo maana ana chuma, chokaa na vitamini kuliko mnofu wa samaki mkubwa. Dagaa wa kichanja, safi, anapakiwa kwenye magari kwenda mbali. Wa mchangani anakwenda kwenye chakula cha kuku. Sangara anakwenda kiwandani, bondo lake, kile kibofu cha hewa, linauzwa ghali, sisi tunanunua mapanki, mifupa iliyobaki. Mwanamke anayetandaza, anayegeuza, anayefukuza ndege, anayekimbiza turubai mvua ikija, huyo akijifungua hana haki ya sado moja, ile ndoo ndogo ya kupimia. Aliyeajiriwa ofisini ana likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na ni haki yake. Sisi likizo yetu inaisha siku unga unapoisha.

3. Neno "kubemenda" liondoke midomoni mwa watumishi wa afya.

Mtoto akikonda, mama anahukumiwa kwamba amelala na mwanaume. Jirani akisema nitanyamaza, hajasomea. Anayevaa sare akisema, mama hatarudi kliniki, na asiporudi mtoto anakosa chanjo. Nukta ikishuka kwenye kadi, swali la kwanza liwe: mama, wewe unaendeleaje?

4. Mahakama inajua kitu ambacho kliniki haikijui.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 199, inatambua kwamba mwanamke anaweza kusababisha kifo cha mtoto wake mwenye umri chini ya miezi 12 wakati akili yake imevurugika kwa kuwa hajapona sawasawa athari za kuzaa au za kunyonyesha, na kosa hilo inalitenganisha na mauaji ya kukusudia. Waheshimiwa, mlilitafakari hilo? Sheria ya nchi imeandika waziwazi kwamba uzazi unaweza kuvuruga akili ya mama, na imeweka mwaka mzima kama muda wa hatari. Polisi wanalijua. Hakimu analijua. Kliniki, ambako mama huyo alipita mara tano akiwa hai na mtoto wake akiwa hai, haina hata mstari mmoja kwenye kadi wa kumwandika.

Tena kifungu cha 217 cha sheria hiyo hiyo kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Kwa hiyo mama anayeulizwa kama amewahi kufikiria kujidhuru anaogopa kwamba jibu lake litampeleka kituoni. Mimi niliogopa. Najua kubadilisha sheria si kazi ya halmashauri. Kuwaelekeza watumishi wenu kwamba maneno ya mgonjwa yanabaki chumbani ni kazi yenu.

5. Ratiba zenu hazifuati ziwa.

Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ni jambo zuri, nalisema kwa moyo mweupe. Lakini ikipangwa katikati ya giza, wanawake wa dagaa hawaji, kwa sababu hizo ndizo siku chache za fedha. Mwezi ukiwa mkubwa, mbalamwezi, mitumbwi inapumzika na sisi tupo nyumbani. Kalenda ya mwezi inajulikana mwaka mzima. Angalieni juu kabla ya kupanga tarehe.

MAJIBU NINAYOYATARAJIA

Mtaniambia bajeti haitoshi. Mwaka 2022 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, na halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Najua 1,000 ni ndogo. Swali langu ni moja: mtoto wa miezi mitatu, ambaye ninyi wenyewe mmetufundisha asipewe hata maji, elfu moja yake ya lishe inakwenda wapi? Chakula chake ni mama yake. Fedha ya mtoto huyo ikiingia kwenye vidonge vya damu vya mama na elimu ya sahani ya mama, imemfikia mtoto.

Mtaniambia madaktari wa akili ni wachache, na kwamba mtu wa Ukara anapanda kivuko, kisha meli kutoka Nansio, mpaka afike hospitali ya Bugando, Mwanza mjini. Ni kweli. Kwa hiyo tusianze na daktari bingwa. Vijijini Pakistani waliwafundisha wahudumu wa kawaida wa jamii, wanawake waliokuwa tayari wanapita nyumba kwa nyumba, namna ya kuzungumza na mama mwenye sonona. Matokeo yalichapishwa 2008: mtoto alipofikisha miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa 23 katika 100, na kwa akina mama waliotembelewa na wahudumu wasiofundishwa walikuwa 53. Huko Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa Mbare, Harare, akawaweka kwenye mabenchi nje ya kliniki wawasikilize watu. Mimi niliokolewa na bibi asiyefundishwa na yeyote. Afundishwe, alipwe hata nauli, halafu muone.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii serikali imeshaanza kuwaandaa upya tangu Januari 2024. Mafunzo yao bado yana nafasi ya kuongezewa hili.

Nitaambiwa pia wanawake wa Kanda ya Ziwa wamezaa tangu enzi na hawakuulizwa maswali. Bibi zetu walikaa ndani arobaini. Uji ulikuwa unapikwa na mwingine, maji yanachotwa na mwingine, kuku anachinjwa. Hayo ndiyo yaliyokuwa maswali yao. Leo mzazi anapanga chumba kimoja mwaloni, mama mzazi yuko Kwimba au Magu, mume yuko kisiwani, arobaini imebaki jina. Mkiitaja mila, irudisheni yote na kuku wake.

Na kuna jibu lenye uzito ambalo mganga mmoja alinipa kwa nia njema: kumuuliza mama bila kuwa na mahali pa kumpeleka ni kumtonesha. Nakubaliana naye. Ndiyo maana ninayoomba hapa chini yanakwenda pamoja; msichukue la karatasi mkaacha la tiba.

NINACHOOMBA

Kwanza, kila mama aulizwe maswali yale kumi, kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, Kijita na Kikerewe anapohitaji, wiki ya 6, wiki ya 14 na mwezi wa 9 anapomleta mtoto chanjo. Aulizwe nyuma ya pazia. Jibu la swali la kumi, lile la kujidhuru, lisipite siku bila mtu kukaa naye.

Pili, siku hiyo ya wiki ya 6 apimwe damu, aulizwe amekula nini jana kutwa, na apewe vidonge vya damu vya kumfikisha walau miezi mitatu baada ya kujifungua. Wanaoishi mwambao na visiwani waangaliwe kichocho na minyoo, kwa kuwa dawa ya kichocho mama anayenyonyesha anaweza kupewa.

Tatu, kila kituo cha afya kiwe na mtumishi mmoja aliyefundishwa kuzungumza na mama mwenye sonona, na ijulikane kwa maandishi ukutani mama akizidiwa anapelekwa wapi na kwa usafiri gani. Mfumo wa m-mama, ule wa usafiri wa dharura kwa wazazi unaopiga 115, ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kwenda nchi nzima. Kanda hii imeshawahi kufundisha nchi. Naomba mzazi aliyevurugikiwa akili ahesabiwe kuwa dharura kama yule anayetoka damu.

Nne, kaeni na vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, wenye mitumbwi na wenye vichanja, mkubaliane mzazi wa mwaloni apewe sado ya dagaa wa kichanja kila wiki kwa arobaini yake. Kwa mwenye mzigo wa magunia, sado haionekani. Ikibidi, ipunguzwe kwenye ushuru wa mwalo. Na waume waitwe kwenye kikao hicho. Wangu alipoelezwa na daktari alilia, akasema hakujua kwamba kuna kitu cha kujua.

Tano, waraka utoke kwa watumishi wote wa kliniki kuhusu lugha. Nimeshaeleza neno lipi.

Naomba nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30: lipi mnalikubali, lipi hamliwezi na kwa sababu gani, na lipi litaingia kwenye bajeti inayoanza Julai. Simu sitaisubiri tena. Jibu likija nitalisoma kwa sauti kwenye benchi la kliniki, Jumanne, kuanzia saa mbili asubuhi. Lisipokuja nitasema hivyo pia, pale pale, na nitaomba nafasi ya kusema kwenye baraza la madiwani.

Yule nesi aliyeniambia maneno yale simchukii. Siku hiyo alikuwa peke yake, chumba kimejaa mpaka nje, na hakuna aliyekuwa amemfundisha kuuliza vingine. Ningependa naye aulizwe anaendeleaje.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkaushaji wa dagaa, mama wa watoto watatu,
Mwambao wa Ilemela, Mwanza.

Nakala:
Wenyeviti wa mitaa na vijiji vya mwambao na visiwa
Viongozi wa vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi
Wazazi wenzangu wa kliniki ya Jumanne
Bibi aliyeniita niwashe moto